Usianzishe Gazeti Kabla ya Kumjua Anayelingoja

MWALIMU mmoja wa shule ya sekondari, niliyesoma naye Chuo Kikuu, ameniletea barua ya kurasa mbili. Anasema kwamba yeye na wenzake watatu, ambao wawili kati yao ni watumishi wa serikali katika kata hiyo hiyo, wameazimia kuanzisha gazeti dogo la kila mwezi. Fedha za karatasi wamekwisha kuchanga. Mashine ya kurudufu ipo. Hata jina wamekwisha kulichagua, na ni jina zuri. Jambo moja tu limewashinda kwa muda wa wiki tatu nzima: hilo gazeti liwe la aina gani?

Mmoja wao anataka liwe la siasa na habari za dunia. Wa pili ni mtunzi wa mashairi, naye anataka liwe la fasihi. Wa tatu, ambaye ni bwana shamba, anataka liwe la kilimo. Mwandishi wa barua mwenyewe, kwa nia njema ya kutunza umoja wao, amependekeza gazeti lenye kila kitu, ili kila mmoja apate ukurasa wake.

Nimekwisha kumjibu rafiki yangu kwa barua. Lakini nimeona yafaa nilijibu swali lake na hapa pia, kwa kuwa si lake peke yake. Walimu na watumishi wa ofisi ndio wanaoshika kalamu kila siku, na kwa hiyo fikra ya kuanzisha gazeti huwajia upesi kuliko wengine. Tena siku hizi kuanza kumekuwa rahisi mno. Mwenye fedha kidogo hurudufu nakala zake dukani. Asiye na fedha hata kidogo huandika kwa simu yake ya mkononi na maneno yake yakawafikia watu mia moja kabla ya chai ya saa nne. Urahisi huo ni neema, lakini una hila yake. Kinachoanzishwa bila taabu huachwa bila huzuni. Ndiyo maana vijigazeti vingi huzaliwa kwa hotuba na kufa kwa ukimya, bila mtu hata mmoja kuuliza vimekwenda wapi.

Rai yangu ni hii: aina ya gazeti haichaguliwi kwa kutazama vipaji vya waandishi, wala kwa kugawana kurasa kama watu wanaogawana nyama. Huchaguliwa kwa kutazama upungufu uliopo. Anayetaka kuanzisha gazeti na ajiulize: ni nani anayekosa nini, hata nikimletea kila mwezi atakaa kuningoja? Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa kutaja watu halisi, basi bado hana gazeti. Ana hamu tu ya kuandika.

FUNZO LA UKUTANI

Sisemi haya kwa kujidai. Nilipokuwa kidato cha tano, mimi na wenzangu tulianzisha gazeti la ukutani. Tulilipa jina la fahari. Kila Jumamosi tulikesha tukinakili habari za mikutano ya mataifa kutoka katika magazeti yaliyofika shuleni yakiwa yamechelewa wiki nzima, na chini yake tukaandika maoni yetu marefu juu ya mambo ambayo hakuna aliyetuuliza. Tulijiona watu wakubwa. Siku ya Jumatatu wanafunzi walipita mbele ya ubao wetu kama watu wapitao mbele ya ofisi iliyofungwa.

Lakini katika pembe ya chini ya ubao huo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ambaye sisi tulimwona mtoto, aliomba apewe nafasi ya ukubwa wa daftari moja. Akaandika siku ambazo maji yatatoka bombani, vitu vilivyopotea na vilivyookotwa, na maswali ya hisabati yaliyowashinda wengi katika mtihani wa wiki iliyopita pamoja na njia ya kuyafanya. Basi! Kila Jumatatu asubuhi watu walisongamana, wakiinama kusoma pembe ile, migongo yao ikiegemea makala zetu za mataifa.

Tulikasirika. Badala ya kujifunza, tulimwondoa, tukidai kwamba analishushia gazeti hadhi. Baada ya majuma manne gazeti lenyewe likafa. Sikumbuki hata sentensi moja niliyoandika pale, lakini hadi leo naikumbuka ile pembe ya chini. Kijana yule aliwajua watu wake na alijua kinachowasumbua. Sisi tulijijua wenyewe tu.

WALIOTUTANGULIA

Historia ya magazeti ya Kiswahili inatoa ushahidi wa jambo hili, na ni historia ambayo walimu na makarani walikuwamo tangu mwanzo.

Mwaka 1888, wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walianza kutoa Msimulizi, lililo miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa kuchapwa kwa lugha ya Kiswahili. Lilikuwa gazeti dogo. Lakini wasomaji wake walijulikana kwa majina: walikuwa vijana waliosoma pale kisha wakatawanywa kwenda kufundisha Bonde, Masasi, Newala na mwambao wa Nyasa. Upungufu wao ulikuwa dhahiri, yaani kutengana. Kwa hiyo gazeti lilileta habari za vituo na za wenzao. Halikuhitaji kubabaika juu ya aina yake. Haja yenyewe ndiyo iliyoamua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilichapa Kiongozi, gazeti lililodumu hadi vita kuu ya kwanza ilipolikatisha. Waliolilisha walikuwa walimu na makarani waliopangiwa kazi katika miji ya pwani na bara. Kila mmoja aliandika kuhusu pale alipokuwa. Mtu wa Tanga aliweza kusoma habari za mji asioujua kutoka kwa mtu aliyekaa huko. Hilo lilikuwa jambo jipya, na thamani yake ilitokana na ukweli kwamba mwandishi hakuandika ya mbali. Aliandika ya mlangoni pake, nayo yakawa habari kwa aliye mbali.

Katika mwaka 1937, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka mjini Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Yeye mwenyewe aliishi taabu za mfanyabiashara mdogo Mwafrika, na aliwajua makarani na wafanyakazi wa mjini ambao hawakuwa na mahali pa kusemea. Hata jina la gazeti lilitaja msomaji wake. Tazama pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo ingawa haikuwa gazeti, ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza. Waliopanga kampeni ile wangeweza kuzungumza juu ya afya yote ya binadamu. Hawakufanya hivyo. Walichagua maradhi machache yanayoweza kuepukwa, kama vile malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu, wakayafuata kwa muda wa wiki 12. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, na vijiji vikachimba vyoo. Ufinyu wa somo ndio uliozaa upana wa matokeo.

AINA NA GHARAMA ZAKE

Sasa turudi kwa rafiki yangu na wenzake. Kwa watu wa hali yetu, wenye kazi za mwajiri mchana na madaftari ya kusahihisha usiku, naona aina nne za gazeti ambazo zinawezekana. Kila moja ina faida yake, na kila moja ina gharama ambayo hailipwi kwa fedha.

Aina ya kwanza ni gazeti la habari za mahali. Hili huwaambia watu kilichotokea na kitakachotokea: mkutano wa kijiji umeamua nini, michango ya darasa jipya imefika wapi, kivuko kimefungwa mpaka lini. Gharama yake ni miguu. Hapana budi mwandishi aende, aone, aulize pande mbili, tena upesi, maana habari ikichelewa ni kama uji uliopoa.

Aina ya pili ni gazeti la mashauri. Hili hujibu swali la mtu mwenye kazi mikononi. Bwana shamba, mganga wa zahanati, bibi maendeleo na mwalimu wa hisabati wanaweza kulitoa. Gharama yake ni elimu ya kweli. Shauri baya juu ya dawa ya mimea laweza kumpotezea mtu mavuno ya mwaka. Asiyeijua kazi kwa undani asijaribu.

Aina ya tatu ni gazeti la kumbukumbu. Hili huokota yale yanayopotea: asili ya majina ya vijiji, habari za shule ya kwanza, mambo ya wazee kabla wazee hawajaondoka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na historia nayo ni mali. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi kama wewe na mimi, mwalimu kisha karani, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, ambao ni watu wake mwenyewe. Gharama ya aina hii ni subira. Mzee hapelekwi kasi.

Aina ya nne ni gazeti la barua na majadiliano, ambamo wasomaji wenyewe ndio waandishi na mhariri ni mwenyekiti wa mkutano. Gharama yake ni moyo mpana. Mhariri ataletewa barua inayomkosoa yeye mwenyewe au mkuu wake wa kazi, na siku hiyo ndipo itakapojulikana kama alitaka majadiliano kweli au alitaka kusifiwa.

Mtu atauliza: na fasihi je? Mashairi yana nafasi katika aina zote nne, na magazeti ya Kiswahili daima yameyapa nafasi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha huku akipeleka mashairi yake magazetini. Lakini mshairi asiye na jina bado, akianzisha gazeti la mashairi yake mwenyewe, huwa amejenga jukwaa kabla hadhira haijafika. Ni afadhali aingie katika gazeti linalongojwa kwa sababu nyingine, ili shairi lake lisomwe na mtu aliyekuja kutafuta bei ya mahindi.

HOJA YA GAZETI LA KILA KITU

Najua nitapingwa. Wako watakaosema kwamba kuchagua jambo moja ni kujifungia chumbani, na kwamba msomaji wetu anastahili kupewa dunia nzima. Watanitolea mfano wa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, ambalo lilikuwa na habari, hadithi, mafunzo, barua na mashairi kwa pamoja, nalo likadumu miongo mingi na kusomwa sana.

Mfano huo ni wa kweli, na ndio unaothibitisha ninayoyasema. Mambo Leo lilikuwa na idara ya serikali nyuma yake, yenye wafanyakazi wa kulipwa na shule za kulisambaza nchi nzima. Rafiki yangu ana wenzake watatu na rimu chache za karatasi. Kila kitu kinahitaji watu wengi. Jambo moja linahitaji watu wachache wanaolijua. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu anataka kushika kumi. Zaidi ya hayo, msomaji wa leo hakosi habari za dunia, ambazo humfikia kwa redio, kwa televisheni na kwa simu kutwa kucha. Anachokosa ni yule atakayemweleza jambo la pale pale anapoishi, na ambaye akikosea anaweza kwenda kumgongea mlango.

Wala isidhaniwe kwamba jambo dogo halina siasa ndani yake. Anayeandika kila mwezi juu ya mbegu hawezi kukwepa kuandika kwa nini mbegu zimechelewa. Anayeandika juu ya mahudhurio ya wanafunzi atafika kwenye njaa, na kutoka kwenye njaa atafika kwenye bei. Tofauti ni kwamba atafika huko akiwa na ushahidi mkononi, badala ya kuanza na maneno makubwa na kumalizia nayo.

DHAMANA YA ANAYETIA SAHIHI

Kuna sababu nyingine ya kuchagua eneo ulijualo, nayo ni dhamana. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa kashfa, kutokana na maandishi yaliyotoka katika Sauti ya TANU, kijigazeti kilichorudufiwa tu kwa mashine, juu ya wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Mahakama ilimpa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6, akalipa faini. Karatasi chache za kurudufu zilitosha kumfikisha mtu kizimbani. Yeye hakujificha nyuma ya jina la bandia, na watu walijua maneno yale ni ya nani.

Tukio hilo halituambii tuogope. Linatuambia kwamba anayeandika awe tayari kusimama na alichoandika, na mtu husimama imara juu ya ardhi aijuayo. Leo maneno mengi hurushwa kwa simu bila mwenyewe, na uvumi juu ya mwalimu mmoja au mganga mmoja huvunja heshima ya miaka 20 katika jioni moja. Gazeti dogo lenye jina la mhariri chini yake ni dawa ya ugonjwa huo, ikiwa tu mhariri huyo huthibitisha kabla ya kuandika. Na kwa kuwa wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, nawakumbusha pia kwamba gazeti la kuchapwa na kuuzwa lina masharti ya leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Ni vema kuuliza kabla ya kuchapa kuliko kujieleza baada ya kuchapa.

Iko na hatari iliyo kinyume chake, inayowapata zaidi watu wa ofisini: gazeti la kumsifu mkubwa. Toleo la kwanza lina picha ya mkuu akikata utepe. La pili lina picha ya mkuu akipanda mti. La tatu halisomwi na mtu yeyote, hata mkuu mwenyewe. Hilo nalo si aina ya gazeti. Ni barua ya kuomba cheo iliyorudufiwa mara 200.

MAJARIBIO MAWILI

Kwa hiyo nimemshauri rafiki yangu afanye majaribio mawili kabla ya kununua hata rimu moja zaidi. La kwanza, yeye na wenzake wakae wiki moja mahali ambapo watu hungoja: kwenye baraza la zahanati, ofisi ya kata, mnadani, na shuleni siku wazazi wanapokuja. Wasihutubie. Waandike tu maswali wanayosikia watu wakiulizana. Swali litakalorudiwa mara nyingi kuliko mengine ndilo litakalowaambia aina ya gazeti.

La pili, waandike vichwa vya habari vya matoleo 12, yaani mwaka mzima, kabla ya kutoa toleo la kwanza. Wakiishiwa kwenye toleo la tatu, basi wamechagua jambo wasilolijua, hata kama wanalipenda. Kulipenda jambo humfanya mtu aanze, lakini kulijua ndiko kunakomfikisha toleo la kumi na mbili.

Nilipofika hapo katika kumjibu, niliisoma tena barua yake, nikaona kitu ambacho yeye mwenyewe alikiandika bila kukitilia maanani. Mwishoni, akieleza kwa nini kikao chao kimoja kilichelewa, anasema kwamba siku ya mnada bwana shamba hawezi hata kumaliza kikombe chake cha chai, kwa kuwa wakulima humzunguka wakimuuliza juu ya viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia nchini mwaka 2017, na juu ya usajili wa mbolea ya ruzuku. Majibu ni yale yale, naye huyarudia mpaka sauti inakauka.

Ndugu yangu, gazeti lako ndilo hilo. Wasomaji wamekwisha kupanga mstari. Kinachokosekana ni karatasi. Bwana shamba na awe wa kwanza kuandika. Mshairi naye ana kazi, maana majibu ya kitaalamu yanahitaji mtu wa kuyaweka katika Kiswahili kinachoeleweka na bibi aliyesoma hadi darasa la nne. Yule wa siasa naye ana kazi, maana yuko anayepaswa kwenda wilayani kuuliza kwa nini mbolea haikufika siku iliyotajwa, na kurudi na jibu lililotiwa sahihi. Nawe mwalimu, kazi yako ni kuhakikisha kwamba kila mwezi, siku ile ile, linatoka.

Jina mlilolichagua liwekeni kabatini kwanza. Siku toleo likichelewa, na mzee mmoja akatembea kutoka kijijini hadi shuleni kuuliza kulikoni, mwulizeni yeye analiitaje. Jina atakalolitaja huyo ndilo liandikwe juu.